Kinachomvuta mhitimu wa mikrobiolojia kwenye uzamivu

Mhitimu wa mikrobiolojia anayeishi Kwa Mathias, Kibaha, hana haja ya kwenda mbali kuona kazi ya bakteria. Mjini humo kipo kiwanda cha viuadudu kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba, kinachokuza bakteria wa kuulia viluwiluwi vya mbu. Ipo pia Hospitali ya Tumbi, ambako bakteria ni adui wa kila siku wodini. Huku wodini ndiko kwenye sababu kubwa ya kusomea uzamivu: dawa zinashindwa.

Kushindwa huko huonekana maabara kwa macho. Bakteria waliooteshwa kutoka kwenye mkojo au damu ya mgonjwa hupakwa juu ya sahani ya agari, vikapangwa vipande vya karatasi vyenye dawa, kisha sahani ikalala kwenye joto la nyuzi 35. Kesho yake, dawa inayofaa huwa imezungukwa na duara tupu, linalopimwa kwa milimita. Iliyoshindwa haina duara. Bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi. Mtaalamu huandika “sugu”, majibu yakarudi kwa daktari. Usugu huo umebebwa na jeni gani? Umefikaje wodini? Unahamaje kutoka bakteria mmoja hadi mwingine? Maabara yenye foleni ya sampuli haina nafasi ya kuyafuatilia hayo. Ni kazi ya miaka ya utafiti.

Na ni kazi ya kuokoa maisha. Utafiti wa watoto waliolazwa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2001 na 2002, uliochapishwa 2007, ulionyesha kuwa kati ya waliokutwa na bakteria wa Gram-hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, ilhali kwa wenye malaria ilikuwa asilimia 20.2. Malaria kila mzazi anaijua na kuiogopa. Maambukizi haya hayana hata jina mtaani, na wakati huohuo vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili vinanunuliwa nusu dozi, bila kipimo, hali inayochochea usugu. Duniani, usugu wa bakteria ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019.

Uzamivu wa kufuatilia maswali hayo unasomeka nchini, kwenye vyuo vikuu: Muhimbili, Sokoine mjini Morogoro, na Bugando, Mwanza. Kinachotakiwa ni ufadhili, ili kijana mwenye swali la Tumbi alifanyie kazi hapahapa.