Lubumbashi: Kwa nini ampli ya wati 100 haitoi wati 100

Oktoba, kabla ya mvua kuanza, ni mwezi mgumu kwa ampli za makanisa na baa za Lubumbashi, kutoka Katuba hadi komini ya Kenya. Ibada haijafika katikati, sauti inaanza kukwaruza, kisha inakatika. Lawama humwangukia fundi, au ampli inaitwa ya bandia. Mara nyingine ni ya bandia kweli. Lakini hata ile halisi haiwezi kufanya kazi kama ya darasani.

Katika kitabu cha elektroniki, ampli ni pembetatu iliyochorwa kwenye karatasi. Inapokea sauti ndogo, inaikuza, basi. Haipati joto, haiongezi mvumo, na umeme wake hauishi. Wanafunzi huitumia kwa sababu inarahisisha hesabu, na kwa sauti ndogo jibu hukaribia ukweli.

Ampli ya kweli haizalishi nguvu, inaichota. Kwa zile zenye transfoma ya kawaida, umeme wa mtaa ukishuka kutoka volti 220 hadi 170, volti za ndani nazo hushuka kwa kiasi hicho hicho. Nguvu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo ampli ya wati 100 hubaki na 60 hivi. Mtu akizidi kuongeza sauti, mawimbi hugonga dari na vichwa vyake hukatwa bapa. Huo ndio mkwaruzo. Mawimbi yaliyokatwa hivyo hubeba sauti nyembamba ambazo hazikuwemo mwanzoni, nazo huweza kuunguza spika ndogo za juu.

Kisha kuna joto. Transista ya 2N3055, ambayo mafundi wanaijua tangu miaka ya 1960, imeandikiwa kustahimili wati 115 za joto. Wengi husoma namba hiyo na kuishia hapo. Inahusu ganda lake likiwa nyuzi 25! Likifika nyuzi 100, zinabaki wati 66 hivi. Ongeza vumbi lililoziba feni.

Kinshasa, kundi la Konono N°1 la Mingiedi Mawangu lilikuza likembe kwa vipaza sauti vya kujitengenezea, vyenye sumaku za vyuma chakavu vya magari. Mkwaruzo ulibaki, ukawa ndio ladha yao, na albamu ya Congotronics ya 2004 ikaufikisha Ulaya.

Kwaya hazitaki ladha hiyo. Kwao inafaa ampli yenye nguvu kuliko wanayohitaji, isiyofunguliwa hadi mwisho, na mtu wa kupima volti kabla ya wimbo wa kwanza.