Fayawoli Imenunuliwa, Lakini Inazuia Nini?

Malori ya Malaba hupunguza mwendo yakifika makutano ya Kanduyi, Bungoma, na kando ya barabara biashara zimejipanga: vituo vya mafuta, maduka ya jumla, hospitali za kibinafsi, ofisi za Sacco. Nyingi haziwezi kuhudumia mteja intaneti ikipotea. Mwulize mwenye duka kama mtandao wake una ulinzi, atakuelekeza nyuma ya kaunta kwenye kasha la chuma lenye rauta, fayawoli na betri ya dharura, taa za kijani zikimetameta.

Taa hizo zinaonyesha tu kwamba vifaa vimewaka na data inapita. Kazi ya ulinzi hufanywa na mfumo wa kugundua na kuzuia uvamizi ulio ndani ya fayawoli, ambao hukagua data inayopita na kuilinganisha na maelfu ya saini za mashambulizi yanayojulikana. Profaili ndiyo inayochagua saini zitakazotumika: za hatari kubwa pekee, au na za wastani pia, za seva za Windows, au za hifadhidata. Halafu kuna uamuzi mwingine: mfumo uzuie, au uandike tu kwenye kumbukumbu? Fundi mwangalifu huanza na kuandika tu, na ana sababu. Saini kali isiyopimwa inaweza kukata malipo ya M-Pesa mwisho wa mwezi, foleni ya walimu ikiwa imefika mlangoni mwa Sacco. Shida ni kwamba fundi akishalipwa, marudio yake hayana tarehe. Mfumo unabaki kama soja aliyeambiwa aandike majina ya wezi na asimguse yeyote.

Biashara ya ulinzi wa mtandao imejengwa juu ya kuuza kifaa na leseni ya mwaka. Kusoma profaili hakuna aliyekutoza, kwa hiyo hakuna aliyekufanyia.

Hapo ndipo wakala wa akili unde anapoingia. Tangu Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ya Marekani ilipotoa itifaki huria ya MCP, imekuwa rahisi kuunganisha programu za akili unde na mifumo ya kazi, ikiwemo ya usalama. Meneja anaandika kwa lugha yake: nionyeshe profaili zote, kila moja inatumika wapi. Wakala anaiita zana, zana inaiuliza seva inayosimamia fayawoli, orodha inarudi. Chukua ofisi yenye matawi Kitale na Bungoma. Orodha yake inaweza kuwa na mistari mitatu: profaili ya kiwandani yenye saini za hatari kubwa tu, nyingine iitwayo "jaribio" ambayo haijafungwa kwenye kanuni yoyote ya fayawoli, na ya tatu inayolinda tawi lililokwisha kufungwa. Kwa meneja asiyejua kompyuta, mistari hiyo mitatu ina faida kuliko ripoti ya kurasa arobaini.

Na ana sababu ya kuiomba. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inataka shambulio liripotiwe ndani ya saa 24. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatoa saa 72 za kuripoti taarifa za wateja zikivuja, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Aprili 2023 kampuni ya maduka makubwa ya Naivas ilikiri kuvamiwa na wadukuzi wanaodai fidia. Julai mwaka huohuo eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ikalemazwa, ila muuzaji akikutisha kwa kisa hicho mwulize vizuri: yale yalikuwa mafuriko ya maombi bandia, na profaili za uvamizi pekee si dawa yake. Vivyo hivyo na takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, matukio bilioni 2.5 kati ya Januari na Machi 2025. Hayo ni majaribio yaliyonaswa na mitambo, wala si idadi ya walioibiwa.

Programu zenyewe za kugundua uvamizi si lazima ziwe ghali. Snort ipo tangu 1998, Suricata ni ya bure, na zipo saini za bure za kuzilisha. Kijana aliyesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Kibabii anaweza kuiuzia Sacco huduma ya kila mwezi ya kusoma na kurekebisha profaili, na nadhani hapo pana fedha kuliko katika kuuza kasha lingine.

Wakala naye ana mitego yake. Orodha ndefu hutolewa kurasa kwa kurasa. Akisoma ya kwanza tu, atakuambia mambo shwari. Anaweza pia kutaja profaili isiyokuwepo, hivyo jibu lake lilinganishwe na skrini ya mfumo wenyewe. Na orodha hiyo mikononi mwa mdukuzi ni ramani ya mahali pasipolindwa. Wakala apewe akaunti ya kusoma tu. Mkataba umtaje mtu mmoja mwenye ruhusa ya kubadilisha profaili, na siku anapohamia kazi nyingine Eldoret au Nairobi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.