Benchi ya pa mlango: vumbi ya mine isilale na batoto

Mu nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi, Kipushi na Fungurume, viatu vya kazi vya papa vinajua nafasi moja: chini ya kitanda. Salopeti inatundikwa nyuma ya mlango wa chumba, kaski inakaa juu ya kabati. Hatusemi ni uzembe. Nyumba za kambi zilijengwa ndogo, na mutu anayetoka kazi ya usiku anatafuta usingizi, hatafuti mahali pa kupanga vitu. Lakini pale chini ya kitanda njo batoto wanachezea, na pale nyuma ya mlango njo mama anapita mara nyingi kila siku.

Juma hii, ndugu wasomaji, tunazungumza kazi ya mbao, ile ambayo mutu anaweza kufanya mwenyewe mu parsele yake siku ya kupumzika. Wengi wanataka kuanza na kabati ya salon ao meza ya wageni. Sisi tunaomba tuanze na kitu kidogo zaidi: benchi yenye sanduku ndani, ya kuweka inje, pa mlango. Mutu anarudi kazi, anakaa, anavua boti, anafungia salopeti mule mule, kisha anaingia mu nyumba akiwa safi. Kwa mchimbaji wa mikono, ambaye hana vestiaire wala dushi ya kampuni, benchi hii njo vestiaire yake.

Vumbi inafuata mutu

Vumbi ya kwetu si udongo wa bule. Iko na shaba na kobalti, na mahali pengine iko na risasi, manganezi, hata uranium. Inashika ku nguo, ku nywele, ku kamba za viatu. Mutoto mudogo anatambaa chini, anatia mikono mu kinywa, njo maana anakula vumbi kuliko mutu mukubwa, na mwili wake ni mudogo.

Mwaka 2020, jarida la kiganga The Lancet Planetary Health lilitoa utafiti uliofanywa Lubumbashi juu ya batoto waliozaliwa na vilema. Waganga waliona hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba alikuwa anatumika kazi ya madini. Utafiti haukusema kila mutoto wa mchimbaji atapata shida, na haukuthibitisha kwamba vumbi ya salopeti njo sababu. Lakini unatosha kutufundisha adabu moja: vumbi ya kazi ibakie inje ya nyumba. Pale kampuni inatoa dushi na kufua nguo, tutumie. Pale haitoi, delege wa sendika aombe. Na tukingojea jibu, tujenge benchi.

Mbao gani?

Mbao ya kwetu inayosifiwa na mafundi ni mulombwa, ule muti unaotoa maji mekundu sawa damu ukikatwa. Haikunjike sana ikikauka, na muchwa haupendi moyo wake mwekundu. Shida ni bei. Ekalipti inapatikana kila mahali na ni nguvu, lakini ikiwa mbichi inapasuka na kujipinda. Pini ni laini, rahisi kukata, lakini muchwa unaipenda sana. Ukiitumia, usiache iguse udongo hata kidogo.

Mbao yoyote, jambo la kwanza ni ikauke. Kanuni ya wazee wa ufundi ni mwaka 1 kwa unene wa sentimita 2 na nusu, ikipangwa mu kivuli na vijiti kati ya mbao na mbao juu upepo upite. Nani atangoja mwaka? Basi tununue ile imeshakauka, kisha tuiache wiki 2 ao 3 mu nyumba. Kujua kama imekauka, chagua kipande kimoja, peleka ku kilo ya duka, andika uzito ku mbao yenyewe na kreyo. Rudia kila juma. Siku uzito unaacha kushuka, mbao iko tayari. Benchi iliyojengwa na mbao mbichi mwezi wa 11 itafunguka viungo mwezi wa 7, upepo wa kiangazi ukikausha kila kitu.

Paleti ya mine: angalia mara mbili

Wengi watasema: juu ya nini kununua, na paleti ziko zinaozea ku mine? Ni kweli, paleti inatoa mbao nzuri. Lakini iko na maswali 3.

La kwanza ni karatasi. Hata paleti iliyovunjika ni mali ya kampuni. Omba bon de sortie yenye sinyatire, uionyeshe ku barriere. Mutu asipoteze kazi ya miaka juu ya mbao 5.

La pili ni alama. Paleti inayotoka inchi ya mbali iko na muhuri wa moto: picha ya suke la ngano, herufi IPPC, herufi 2 za inchi, namba, kisha alama ya dawa. HT maana yake mbao ilitiwa joto hadi digri 56 mu moyo wake, dakika 30. Hiyo ni nzuri. MB maana yake ilipuliziwa gazi ya sumu, bromure ya methyl, juu ya kuua wadudu. Ile tuache, tusiijenge wala tusiichome. Paleti isiyo na alama yoyote, hatujui ilipita wapi, tuiache vilevile.

La tatu ni mzigo. Muhuri wa HT unaeleza vile mbao ilitengenezwa, hauelezi kitu kilichokaa juu yake. Paleti iliyobeba mifuko ya dawa za usine, ndoo za asidi ao masanduku ya vilipuzi haifai mu parsele. Ukiona doa, unga mweupe ao wa manjano, mafuta, ao ukisikia harufu ambayo si ya mbao, iache pale pale. Kusugua na raboti hakutoshi, maana maji ya dawa yanaingia ndani. Na ba mama tunawaomba: mabaki yake msitie mu mbabula. Moshi utaingia mu chakula na mu kifua.

Vipimo na vipande

Benchi yetu iko na urefu wa sentimita 110, upana 33, na kimo 45, kile kimo cha kiti cha kawaida. Tunahitaji mbao 4 za metre 4, zenye upana wa sentimita 11 na unene wa 2. Kipande cha 5 kwa 5 chenye urefu wa metre 2. Na kipande cha 3 kwa 3 chenye urefu wa metre 3. Tena misumari ya sentimita 5, visi kidogo, kole ya mbao, bawaba 2, na kadena moja.

Kukata kunaenda hivi. Mbao 3 za kwanza, kila moja inatoa vipande 3 vya sentimita 110 na vipande 2 vya 29. Mbao ya 4 inatoa vipande 10 vya 29. Jumla: vipande 9 virefu na vipande 16 vifupi. Mu kile cha 5 kwa 5 tunakata miguu 4 ya sentimita 43. Mu kile cha 3 kwa 3 tunakata 2 vya 96 na 3 vya 25. Pima mara mbili, kata mara moja; musumeno haurudishi.

Kazi yenyewe

Tunaanza na pembeni. Laza miguu 2 chini, weka juu yake vipande 3 vya 29, kimoja kando ya kingine, vilingane na kichwa cha miguu. Chini, miguu inabakia wazi sentimita 10. Tia kole, piga misumari. Fanya ya pili vilevile.

Kisha simamisha pembeni zote mbili, unganisha mbele na vipande 3 vya 110, na nyuma na vipande 3. Kila musumari uingie mu muguu, si mu ncha ya mbao, maana ncha inapasuka. Ekalipti ikiwa ngumu, toboa kwanza tundu jembamba. Kabla kole haijakauka, pima pembe kwa pembe, toka kona hii mupaka kona ya kule, kisha zile zingine mbili. Vipimo vikilingana, sanduku iko sawa. Visipolingana, sukuma ile kona ndefu polepole.

Vile viwili vya 96 tunapigilia ndani, chini, kimoja mbele na kimoja nyuma, kati ya miguu. Juu yake tunalaza vipande 8 vya 29, na kuacha sentimita 1 kati yao. Ile nafasi si ubahili: boti inarudi na maji, na upepo wa chini unaikausha. Vipande 2 vinabakia: tunasimamisha kimoja juu ya kingine katikati, vigawanye sanduku. Upande mumoja boti, upande mwingine nguo.

Kifuniko ni vipande 3 virefu vya mwisho, vikishikwa chini na vile 3 vya sentimita 25: kimoja katikati, na viwili sentimita 15 toka kila ncha. Acha milimita 3 kati ya mbao na mbao, juu zipate nafasi ya kuvimba mu mwezi wa mvua. Hapa tumia visi, maana misumari ya kifuniko inang'oka mutu akikaa na kusimama kila siku. Funga bawaba nyuma.

Sugua yote na papie-emeri, zaidi sana ndani, kisha pitisha verini mara 2. Watu wengi wanapaka inje tu juu ya uzuri. Kwa benchi hii, ndani njo muhimu: mbao yenye miba inashika vumbi, mbao laini inapanguswa. Mafuta machafu ya motere, ambayo wengine wanapaka juu ya muchwa, tusiyatumie. Yako na sumu inayoshika ku ngozi na ku nguo. Dawa ya muchwa ni kusimamisha kila muguu juu ya tofali ya saruji, na kuangalia chini kila juma kama njia yao ya udongo haijapanda. Ile sentimita 10 wazi njo kazi yake.

Neno moja la afya: tukate inje, tufunge kashe-ne, na batoto wakae mbali. Shirika la IARC, lenye kuchunguza sababu za kansa, liliandika vumbi ya mbao mu hesabu ya vitu vinavyoleta kansa tangu mwaka 1995. Mapafu ya mchimbaji yameshabeba ya kwao.

Kila nyumba na benchi yake

Uzuri wa kujijengea ni kwamba kitu kinafuata nyumba. Kama papa na mutoto wake mukubwa wote wanatumika, gawa sanduku mara 3. Kama mama ni mufupi ao muzee wa nyumba anaumwa magoti, badilisha urefu wa miguu: kata fupi kwa mama, acha ndefu kwa muzee, maana kiti kirefu kinasaidia kusimama. Wale wanaopangisha na kuhama mara kwa mara wanaweza kufunga mbele na nyuma na bulo kuliko misumari. Benchi inafunguka na kuingia mu gari. Mwenye mbao za kubakia anaweza kuongeza mugongo wa kuegemea, ao vijiti 2 vya kutundika kaski ku ukuta. Na mwenye kijana aliyemaliza shule na hana kazi, amuite. Ku Cité des Jeunes, pale Lubumbashi, vijana wanafundishwa ufundi wa mbao. Lakini benchi ya kwanza kijana anaweza kuijifunza mu parsele ya baba yake.

Benchi peke yake haiponyeshe mutu. Inataka desturi. Boti zinavuliwa pale. Salopeti inaingia mu saki ya plastiki, inafungwa, kisha mu sanduku. Mikono, uso na nywele zinanawishwa mbele ya kubeba mutoto. Nguo za kazi zinafuliwa peke yake, si pamoja na za batoto, na maji yake hayamwangwi mu bustani ya lengalenga. Ndani ya sanduku panapanguswa na kitambaa chenye maji, si na ufagio, maana ufagio unarudisha vumbi mu hewa.

Kadena ifungwe, na ufunguo ukae juu, mahali mikono midogo haifiki. Batoto watauliza juu ya nini sanduku ya papa haifunguliwi. Tuwaambie kweli: papa analeta mushahara mu nyumba, vumbi inabakia inje.