MIPIRA YA MAJI YA GARI: NAMNA YA KUICHAGUA NA KUIFUNGA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Gari likichemsha njiani, watu husema rejeta imekwisha au injini ni kuukuu. Mara nyingi ugonjwa hauko huko. Uko katika kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono, kinachounganisha rejeta na injini. Wazee wengi wanaosoma gazeti letu hili wana magari ya abiria na ya mizigo, na baadhi yetu wanafunzi tutakuwa madereva au mafundi. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze jinsi ya kuchagua mpira huo na kuufunga, hasa ule wa silikoni ambao siku hizi unasifiwa sana. Haya nimejifunza katika gereji ya mjomba wangu, ninakofanya kazi kila likizo, na katika masomo yetu ya Fizikia na Kemia.

Kwanza tujue kazi ya mpira. Injini hutoa joto kubwa, na maji hulichukua joto hilo hadi kwenye rejeta ili lipoe. Rejeta imefungwa kwenye bodi, lakini injini hutikisika. Kama zingeunganishwa kwa bomba la chuma, bomba lingevunjika upesi. Ndiyo maana hutumika mpira. Tena kifuniko cha rejeta huyazuia maji yasitoke, nayo presha hupanda, hata maji yanaweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Basi mpira hubeba maji ya moto kuliko ya birika lililo jikoni, nayo yanausukuma kila upande.

Mpira mweusi wa kawaida uliotengenezwa kwa kazi hii hustahimili joto la digrii 120 hivi. Silikoni hustahimili karibu digrii 180, wala haikauki na kufanya nyufa upesi. Asili yake ni silika, iliyomo katika mchanga. Mwanakemia wa Kiingereza, Frederic Kipping wa Nottingham, ndiye aliyeipa jina hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na viwanda vilianza kuitengeneza kwa wingi katika miaka ya 1940.

Lakini silikoni si dawa ya kila ugonjwa. Yafaa kwa maji ya rejeta na kwa hewa ya moto itokayo kwenye tabo ya injini za dizeli. Haifai kwa petroli, dizeli wala oili. Mafuta huilainisha na kuivimbisha kama andazi lililosahauliwa ndani ya chai, na petroli hupenya polepole katika ukuta wake ikatoka nje. Petroli karibu na injini yenye moto ni hatari kwa kila aliyemo garini. Kwa mafuta, nunua mpira uliotengenezwa kwa mafuta.

Ukienda dukani usidanganywe na rangi. Mpira wa kawaida nao waweza kutiwa rangi ya buluu au nyekundu. Tazama ncha iliyokatwa: mpira mzuri wa silikoni una tabaka tatu au nne za kitambaa ndani ya ukuta wake. Usio na kitambaa utavimba kama puto presha ikipanda.

Kisha upate kipimo sahihi. Upana wa ndani wa mpira ulingane na upana wa nje wa bomba. Kama huna chombo cha kupimia, zungusha uzi mara moja katika bomba, upime uzi huo kwa rula, kisha uzidishe kwa 7 na kugawa kwa 22. Kwa mfano, uzi ukiwa milimita 119, jibu ni karibu 38, basi nunua mpira wa milimita 38. Ukichukua mkubwa ukategemea klipu kuubana, utafanya mikunjo na maji yatapita katika mikunjo hiyo. Kama mabomba mawili hayalingani, ipo mipira yenye mdomo mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Tena ipo iliyopinda nusu ya pembe mraba na iliyopinda pembe mraba kamili. Usiupinde mpira ulionyooka kwa nguvu, kwa maana utajikunja katikati na kuziba njia ya maji. Mpira wa chini wa rejeta uwe mgumu zaidi, kwa sababu pampu huvuta maji kutoka huko, na mpira laini huweza kunywea kama shavu la mtu anayefyonza dafu.

Sasa kuufunga. Subiri injini ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, kwani maji huruka usoni na kuunguza vibaya. Kinga maji kwa beseni safi. Mpira wa zamani ukiganda usiutekue kwa bisibisi, utavunja shingo ya rejeta. Uchane kwa kisu kwa urefu na kuubandua. Safisha shingo kwa msasa laini mpaka kutu na magamba yaishe. Vaa klipu kwanza katika mpira, kisha lowesha shingo kwa maji, wala usipake grisi, na usukume mpira uingie kiasi cha milimita 30. Klipu ikae nyuma ya ukingo wa shingo, na isifike kwenye ncha kabisa ya mpira.

Klipu nayo ichaguliwe. Zile zenye matundu katika ukanda wake huikata silikoni, maana ni laini; tafuta yenye ukanda laini upande wa ndani. Na kwetu Micheweni, ambako upepo wa bahari hauachi chuma kikapumzika, iwe ya chuma kisichoshika kutu. Kaza kiasi, si kwa hasira. Washa injini mpaka ipate moto, izime, ipoe, kisha ukaze tena kidogo. Mwisho hakikisha kuwa mpira haugusi pangaboi wala ekzosi.

Likizo iliyopita gari moja la abiria lililetwa gereji likivutwa kwa kamba. Mpira wake wa juu ulikuwa umepasuka zamani, ukafungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Siku hiyo maji yalimwagika yote kabla ya kufika Konde, naye dereva akaendelea kwa kuwa alikuwa na abiria. Kichwa cha injini kilipinda kwa moto. Kipuri kilisubiriwa kutoka ng'ambo ya bahari, na mwenye gari akakosa msimu wote wa karafuu. Mjomba alipomwonyesha bei ya mpira mpya, yule mzee alinyamaza muda mrefu. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, wazee na ndugu zangu, gari la abiria katika wilaya yetu si chombo cha mtu mmoja. Ndilo linalopeleka samaki sokoni, na ndilo linalogongewa mlango usiku mgonjwa akitakiwa kufikishwa Wete au Chake Chake. Kila mwezi, injini ikiwa baridi, ibonyeze mipira yake kwa vidole. Ukiona ufa, uvimbe, au mahali palipolainika mno, badilisha siku hiyo hiyo, usingoje safari.