Testi ya kazi: namna ya kuona neno ambalo halikusemwa

Kama umekwisha kuomba kazi katika shirika fulani hapa Goma, unajua vile mambo yanaendaka. Jina lako linatoka kwenye listi, unaitwa kufanya testi ya kuandika. Mara nyingine ndani ya testi hiyo kuna maswali ambayo hayaulizi ulisoma nini. Yanaangalia namna unavyofikiri. Moja linalosumbua watu ni hili: "Aliyesema maneno haya amekubali jambo gani bila kulitaja?"

Swali hilo si la uchawi. Mtu anayesema "kwa hiyo" anatoka kwenye sababu na kufika kwenye neno la mwisho. Katikati kuna daraja ambalo hakulionyesha. Kazi yako ni kulitafuta.

Tuchukue mfano. Tuseme kwenye karatasi wameandika hivi: "Wiki hii bei ya makala imepanda Goma. Siku zilezile mvua iliharibu barabara ya Sake. Kwa hiyo, ni ubovu wa barabara hiyo njo ulipandisha bei." Halafu wanakupa majibu matatu:

A. Makala yote inayouzwa Goma inapitia barabara ya Sake.
B. Kuna makala inayouzwa Goma ambayo inapitia barabara ya Sake.
C. Barabara ikitengenezwa, bei ya makala itashuka.

Wengi watakimbilia A, juu inaonekana kuwa na nguvu. Lakini kuna njia rahisi ya kupima: geuza kila jibu liseme kinyume, kisha uangalie kama maneno ya kwanza bado yanasimama.

Geuza A: si makala yote inapitia Sake. Sawa, lakini ikiwa sehemu kubwa inapita kule, bei bado inaweza kupanda juu ya barabara. Maneno yanasimama, kwa hiyo A haikuwa ya lazima. Geuza C: barabara imetengenezwa na bei haikushuka. Inawezekana, maana wauzaji wamekwisha kuzoea bei mpya. Hiyo haizuie kwamba barabara njo ilianza mambo. Sasa geuza B: hakuna hata gunia moja linalopitia Sake. Hapo maneno yanakatika miguu. Barabara ambayo makala haipiti itapandishaje bei ya makala? Jibu ni B.

Ona mitego miwili. Wa kwanza ni jibu linalosema kupita kiasi: "yote", "kila mtu", "siku zote". Mara nyingi aliyesema hakuhitaji kukubali mambo makubwa vile. Wa pili ni jibu ambalo maishani linaweza kuwa kweli, kama C, lakini maneno yaliyoandikwa hayalitegemei. Hawakukuuliza kama ni kweli. Wamekuuliza kama ni la lazima.

Ufundi huu haubaki kwenye karatasi ya testi. Wakaaji wa Goma na wa kando ya ziwa, kuelekea Sake, wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka chini ya udongo wa volkano. Ni gazi kaboniki. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kupita hewa ya kawaida. Njo maana inajikusanya ndani ya mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Imekwisha kuua mifugo na watu.

Sasa sikiliza maneno haya: "Hapa hakuna moshi wala harufu, kwa hiyo hakuna hatari." Daraja lililofichwa ni lipi? Ni kwamba hewa yenye kuua lazima ionekane ao inuke. Geuza: iko hewa inayoua bila kuonekana wala kunuka. Maneno yote yameanguka.

Ao haya: "Mimi nimepita pale na sikupata shida, kwa hiyo mtoto anaweza kupita." Aliyesema amekubali, bila kujua, kwamba hewa inayofika kwenye pua ya mtu mzima ni ileile inayofika kwenye pua ya mtoto. Lakini mazuku inalala chini. Inaweza kuishia kwenye kiuno cha baba na kumfunika mtoto kabisa. Na aliyepita saa sita mchana, upepo ukivuma, amekubali pia kwamba alfajiri hali itakuwa sawa na ya mchana.

Kwa hiyo ukikaa kwenye testi, usikimbilie majibu. Tafuta kwanza neno la mwisho, halafu sababu, kisha jiulize: ili hii itoke kwenye ile, ni nini lazima kiwe kweli? Geuza, pima, chagua. Na mtu akikuambia nje ya testi "hakuna shida, pita tu", jiulize swali hilohilo mbele ya kumtuma mtoto shimoni.