Keja ya graundi Ruiru ama Thika? Kagua majitaka kabla ya dipositi

Unasaka bedsita Kihunguro, Kimbo ama Makongeni kule Thika. Keyateka anakuonyesha nyumba ya graundi: vigae vinang'aa na kodi imeshuka kidogo kuliko ya juu. Kabla ya kutuma dipositi kwa M-Pesa, muulize swali ambalo wengi husahau: maji ya choo ya hii ploti yanaenda wapi?

Sensa ya 2009 ilipata watu 238,858 mjini Ruiru. Ya 2019 ikapata 490,120. Ghorofa zimeota palipokuwa na mashamba ya kahawa, na bomba lililowekewa familia chache sasa linaweza kubebeshwa ploti nzima. Mitaa mingine haina bomba la kampuni ya maji kabisa. Huko kuna tangi chini ya ardhi, na lisiponyonywa kwa wakati, linajaa.

Njia ikiziba, majitaka hurudi nyuma na kutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Kwenye ghorofa, tundu hilo ni bafu ama choo chako wewe wa graundi. Jirani wa floo ya nne akivuta maji ya choo, yeye hajui lolote. Wewe ndiwe unayenyanyua godoro, na kipindupindu na taifodi haziko mbali.

Cha kukagua

Mwaga ndoo nzima ya maji chooni, kisha usikilize shimo la bafu. Likitoa mapovu ama mlio wa glug-glug, bomba kuu linaanza kuziba. Angalia alama za maji chini ya milango. Tazama mabomba ya paa: yakiingia kwenye mashimo ya majitaka, hama na mawazo hayo. Mabomba ya majitaka hayakutengenezewa mvua, na kati ya Machi na Mei utajionea.

Dawa ni vali ya njia moja: kifuniko kinachofunguka maji yakitoka na kujifunga yakitaka kurudi. Lakini mwambie landilodi aiweke mahali sawa. Ikifungwa kwenye bomba kuu la ploti pekee, itazuia majitaka ya barabarani, ila maji ya majirani wa juu yatakosa njia na kukuingilia vilevile. Inafaa iwe kwenye bomba la nyumba yako, ama graundi ipewe bomba lake hadi shimo la nje. Pia isafishwe mara kwa mara, na ikiwa imejifunga usimwage maji, kwa sababu hayatatoka.

Mambo ya pedi, pampers, wipes na mafuta ya kukaangia yaongeleeni kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti. Hayo huziba kuliko chochote. Mafuta yaache yagande, uyatupe na takataka.

Ikishatokea

Waambie wote wa juu wafunge mifereji na wasivute maji ya choo. Zima stima kwenye swichi kuu kama maji yanakaribia soketi, lakini usiiguse ukiwa umesimama ndani ya maji. Kisha mtake keyateka afunue shimo la nje.

Likiwa kavu, kizuizi kiko kati yake na nyumba. Hiyo ni kazi ya landilodi na plamba wake. Likiwa limejaa, shida iko mbele: tangi limejaa, ama bomba la mtaa limeziba. Kama ni bomba la mtaa, pigia kampuni ya maji, Thiwasco kwa Thika ama Rujwasco kwa Ruiru na Juja, uombe nambari ya malalamiko. Asiingie mtu kwenye shimo hilo, hata kwa dakika moja. Hewa yake huua.

Baadaye osha kwa sabuni, kisha Jik, ukiwa na glavu. Usichanganye Jik na dawa nyingine ya choo.

Landilodi akizidi kukuzungusha, piga picha zenye tarehe, mwandikieni barua mkiwa wapangaji kadhaa, na mpeleke nakala kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu mifereji michafu ya majitaka kuwa kero, na mwenye nyumba anaweza kuamriwa aiondoe. Barua ya watu kumi haipuuzwi rahisi kama simu ya mtu mmoja wa graundi.