Uganda: Ukikamatwa barabarani, saa 48 huanza kuhesabiwa lini?

Katiba ya Uganda inampa kila anayekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48. Kwa dereva wa lori au bodaboda anayezungumza Kiswahili, haki hizo mbili zina uzito wa pekee.

Kusimamishwa si kukamatwa

Askari wa usalama barabarani ana mamlaka ya kulisimamisha gari na kudai leseni ya udereva. Dereva anapaswa kusimama na kuionyesha. Akiandikiwa faini, hulipa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, wala si mkononi mwa askari. Fedha zinazotolewa kando ya barabara bila stakabadhi ni rushwa, na sheria humtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea.

Hali hubadilika pale dereva anapoambiwa kwamba yuko chini ya ulinzi. Hapo ndipo Ibara ya 23 ya Katiba inapoanza kumlinda. Ni lazima aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, pamoja na haki yake ya kuwa na wakili amtakaye. Akiomba, jamaa zake wajulishwe mapema iwezekanavyo. Apate pia matibabu akiyahitaji. Ni busara kutopambana na askari hata pale unapoamini umeonewa, kwani hoja hiyo mahali pake ni mahakamani.

Usitie sahihi usichokielewa

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na kimetumika kwa miaka mingi katika vikosi vya usalama. Hata hivyo, maelezo ya mshukiwa kituoni mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na sahihi yake chini ya ukurasa yaweza kutumiwa baadaye dhidi yake. Omba usomewe maelezo yote kwa Kiswahili kabla ya kuweka sahihi, na pasipo sawa, taka parekebishwe. Kesi ikifika mahakamani, Ibara ya 28 inakupa mkalimani bila malipo iwapo huelewi lugha inayotumika.

Hesabu ya saa

Saa 48 huanza pale ulipokamatwa, si pale ulipofikishwa kituoni. Kwa hiyo ikumbuke saa hiyo na umwambie jamaa au wakili wako. Aliyekamatwa Ijumaa saa nne asubuhi, iwapo hajaachiliwa, anapaswa kuwa mbele ya mahakama kabla ya Jumapili saa nne asubuhi. Ibara hiyo haitaji mwisho wa wiki wala sikukuu.

Kwa kuwa kwa kawaida mahakama hazikai Jumapili, ni vyema jamaa waombe dhamana ya polisi mapema, Ijumaa hiyo hiyo. Dhamana hiyo haina malipo. Anayetakiwa ni mdhamini mwenye kitambulisho, atakayeahidi kwamba mshukiwa atarudi siku atakayoitwa.

Wanaovuka mpaka wa Busia au Malaba wajue kuwa hesabu ya Kenya ni tofauti. Ibara ya 49 ya Katiba ya nchi hiyo inaweka kikomo cha saa 24, lakini muda huo ukiisha wakati mahakama imefungwa, husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Muda ukipita

Jamaa au wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu itoe amri kwamba mshikiliwa aletwe mbele yake. Katiba inasema haki hiyo haiwezi kusitishwa. Aliyeshikiliwa kinyume cha sheria anastahili pia fidia, na anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Ushahidi wa kwanza atakaoulizwa ni tarehe, saa na mahali alipokamatwa.